Sungura Wadogo wa Mama Mkwe

Niliolewa Ushirombo nikitokea upande wa Kolandoto, na kwetu ni watu wa ng'ombe. Nilikokulia, mtu akisema anafuga, hakuna aliyemuuliza anafuga nini. Kwa hiyo siku mume wangu aliporudi kutoka misheni na sanduku la misumari kwenye keria ya baiskeli, akalifungua uani na kuniambia kwamba ametuletea mifugo, nilichungulia ndani mara mbili. Walikuwemo sungura wanne, majike matatu na dume moja, rangi ya kijivu, masikio mafupi, kila mmoja akitosha kwenye viganja vya mikono yangu miwili. Nilidhani ni watoto.

"Ndio wakubwa hao," mume wangu alisema. "Hawakui zaidi ya hapo."

Yeye alikuwa fundi seremala. Alikuwa amemaliza kukarabati mabenchi ya kanisa, na mtawa mmoja mzee, mzungu aliyekuwa anafunga mizigo yake kurudi kwao, akampa wale sungura kwa sababu hakuna mwingine aliyewataka. Alimwelekeza jinsi ya kuwalisha, akamwambia asiwape majani yenye umande, basi. Mume wangu alikuwa mtu wa kuamini kila anachoambiwa na watawa.

Tuliishi na mama yake. Baba yake alishafariki kabla sijaja, na ng'ombe wachache waliobaki walipelekwa kwa baba mdogo mbali, wakati watu walipohamishiwa vijijini na malisho yakawa shida. Uani kwetu palibaki kuku, na mbuzi mmoja aliyekuwa akikohoa.

Mama mkwe alikuwa mfupi, mkavu, mwenye hatua za haraka. Hakuwa mkali. Angekuwa mkali ningejua jinsi ya kuishi naye. Alikuwa ananijibu salamu, ananiachia chakula changu kimefunikwa, na siku nzima inaisha bila neno lingine. Yeye ni Msumbwa na mimi Msukuma, lakini lugha haikuwa shida, tulichanganya tukaelewana. Shida ilikuwa kwamba nilikuwa mwaka wa tatu pale na sikuwa nimeshika mimba. Hakuwahi kulisema. Mimi ndiye niliyelisikia kila aliponyamaza.

Alipowaona sungura alisimama mbali kidogo, mikono mgongoni.

"Hawa ni paka waliokatwa mikia," alimwambia mwanawe.

"Ni sungura, mayu."

"Kama ni sungura, ndio kabisa. Unajua sisi hatuli."

Ukoo wao ulikuwa na mwiko wa sungura. Sababu yake alinieleza mara mbili katika maisha yake, na kila mara ilikuwa tofauti. Alisema wakae huko nyuma ya mihogo, na chungu kitakachopikiwa nyama yao kisiingie jikoni kwake. Mume wangu akakubali yote mawili. Alijenga banda kwa mabanzi ya mninga, likainuliwa kwa miguu minne, sakafu ya fito zilizoachana kidogo ili kinyesi kianguke chini. Kila mguu aliusimamisha ndani ya kopo lenye oili chafu ili siafu wasipande. Lilikuwa banda zuri kuliko nyumba yetu, na majirani walilisema hivyo.

Kazi ya kuwalisha ikawa yangu. Asubuhi nilikata majani ya viazi na mchicha pori, nikayaanika hadi umande ukauke, ndipo nikawapa. Sikuwapenda wala sikuwachukia. Sungura halii, hakufuati, hakujui. Ukimpa majani anakula, ukimpandisha dume anazaa, na ukichelewa kumtenga anazaa tena. Baada ya miezi michache tulikuwa na banda la pili.

Wakati wa mvua za kwanza nilishikwa na malaria mbaya nikalala kitandani muda mrefu, sikumbuki siku ngapi. Nilipopata nguvu za kufikiria, kitu cha kwanza nilichouliza ni sungura. Mume wangu alikuwa ameenda kupaua nyumba ya mtu huko Masumbwe na hakuwepo wiki nzima. Nilijua wamekufa. Nilijifunga kanga nikaenda nyuma ya mihogo nikishikilia miti.

Mama mkwe alikuwa amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa mbele ya banda, mkononi ana fungu la majani ya karanga. Hakugeuka.

"Njoo uone huyu," alisema.

Jike moja lilikuwa linajinyonyoa. Lilikuwa linavuta manyoya ya tumboni kwa meno, mdomo ukijaa linayapeleka kwenye kona, linarudi kuvuta tena. Ngozi ya tumbo ilishaanza kuonekana, nyekundu.

"Ana upele?" mama mkwe aliuliza.

"Anataka kuzaa. Anawatandikia."

Alisogea karibu akimtazama. Mimi nilikaa chini. Tulikaa pale mpaka jua likaanza kuchoma, na yule jike akaendelea na kazi yake kana kwamba hatupo.

"Anajivua nguo mwenyewe," mama mkwe alisema hatimaye. Kisha akaniuliza kama nimekunywa uji.

Baada ya siku ile hakuniachia tena banda peke yangu. Sikumwomba na hakunieleza. Niliporudi kutoka kisimani nilimkuta ameshakata majani, ameyaanika kwenye jamvi, anafukuza kuku wasiyakanyage. Alikuwa anamtambua kila sungura kwa sura, jambo ambalo mimi sijaliweza mpaka leo. Kwangu mimi wote walikuwa wa kijivu. Yeye alikuwa na Mchoyo, Mpole, na mwingine aliyemwita Mama Mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa akizaa vizuri kuliko wote.

Tatizo likawa ni moja. Sungura waliongezeka na hakuna aliyewanunua.

Pale kijijini watu walikula sungura wa porini, waliokamatwa na mbwa. Huyu wa bandani walimwogopa. Alikuwa mdogo, anatulia ukimshika, macho yamemtoka, na akishachunwa ngozi, watu walisema, huwezi kumtofautisha na paka. Walimu wa shule ya msingi walinunua, kwa sababu wengi walikuwa wageni kutoka mikoa mingine. Katekista alinunua mmoja wa Pasaka akalalamika kwamba watoto wake hawakushiba. Basi.

Ilikuwa miaka ile ya uhaba, baada ya vita. Sabuni ilikuwa ya kupanga foleni, sukari tuliisikia kwa majina ya watu waliobahatika kuipata. Mume wangu alikuwa na kazi lakini misumari haikupatikana. Siku moja dereva wa lori lililokuwa likipeleka makopa ya muhogo na unga kwa wachimbaji wa dhahabu, upande wa Geita, alisimama kwetu ili mume wangu amtengenezee ubao wa nyuma ya lori. Wakati anasubiri aliona mabanda.

"Hawa mnafuga wa nini?" aliuliza.

"Wa kuuza," mume wangu alisema.

"Mnamuuzia nani?"

Mume wangu akacheka kidogo, akaendelea kupiga randa.

Dereva akasema kule machimboni nyama ni shida. Ng'ombe anachinjwa mara moja kwa wiki, akichinjwa asubuhi mchana ameisha, na ukichelewa kutoka shimoni unakuta mifupa. Samaki wanaotoka ziwani wanafika wamekauka kama kuni. Akamtazama Mama Mdogo akamwambia mume wangu kwamba mnyama wa kiasi hiki mtu mmoja anamchinja jioni, anamla na mwenzake, na hakuna kinachobaki kuoza.

Mume wangu aliona ni maneno tu. Mama mkwe alikuwa anapepeta mahindi pembeni, na jioni ile wakati wa kula akasema, kwa sauti ya mtu anayeongea habari za hali ya hewa, "Mke wako na mimi tutakwenda na lori likipita tena."

"Kwenda wapi, mayu?"

"Kwa hao wenye njaa."

Tulikwenda. Mume wangu alisuka matenga mawili ya fito, tukaweka majani makavu chini, sungura sita kila tenga. Tulipanda juu ya magunia ya makopa, sisi wawili na utingo. Mama mkwe hakuwahi kupanda gari lolote kabla ya siku ile. Alishikilia kamba kwa mkono mmoja na tenga kwa mkono mwingine njia nzima, na kila lori liliporuka shimo alifungua kidogo kifuniko akawaangalia. Mimi nilitapika mara mbili. Yeye hapana.

Machimbo yalikuwa kama mji uliojengwa na watu ambao hawana mpango wa kulala hapo kesho. Vibanda vya nyasi na maturubai, mashimo kila mahali, wanaume wamepakaa vumbi jeupe mpaka kope. Wanawake walikuwa wanatwanga mawe kwenye vinu vya chuma, na sauti ile ya kutwanga haikukoma muda wote tuliokuwa pale. Dereva alituteremsha karibu na kibanda cha mwanamke mmoja mnene, Mhaya, aliyekuwa anapika wali na maharage kwa kuuza. Tukamsalimia. Akamwambia mama mkwe shikamoo, akatusogezea gogo la kukalia.

Watu walijaa haraka. Walitaka kuona ndani ya tenga. Mmoja alisema ni paka, mwingine akasema ni panya buku, wa tatu akasema kwao Iringa wanawajua hawa, ni sungura, na ni watamu. Kijana mmoja mrefu, ambaye wenzake walimpisha, nadhani alikuwa na duara lake mwenyewe, maana ndivyo walivyoita shimo la mtu, alichuchumaa mbele ya mama mkwe.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba."

"Huyu kweli anafaa kuliwa?"

"Anafaa."

"Basi tumchinje mmoja hapa. Mama lishe amkaange. Wewe uanze kula, sisi tutafuata, na tutanunua wote."

Nilimtazama mama mkwe. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza lakini alikielewa. Alimtazama yule kijana bila haraka.

"Mimi sili," alisema.

Waliokuwa karibu walirudi nyuma. Hata aliyekuwa anafungua tenga aliliachia.

"Kwa nini huli?"

"Ukoo wetu hatuli. Bibi yangu hakula, mama yangu hakula."

"Kwa hiyo unatuletea sisi kitu ambacho wewe mwenyewe hukitii mdomoni?"

Watu walianza kunung'unika. Mmoja alishageuka kuondoka. Mimi nilikuwa nimeinama natazama miguu yangu, nikifikiria safari ya kurudi na sungura kumi na wawili, na jinsi mume wangu atakavyotupokea.

Mama mkwe akamuuliza yule kijana, "Wewe ni Mkristo?"

"Ndiyo."

"Padri wenu ana mke?"

"Hana."

"Na nani anawafungisha ndoa?"

Aliyeanza kucheka ni yule mama lishe. Alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Kisha wakacheka wote, na yule kijana mrefu akacheka pia, akijikuna kichwa. Mama mkwe hakucheka. Alingoja watulie, akasema, "Huyu hapa ni mke wa mwanangu. Yeye kwao wanakula. Mkaangieni ale."

Ndivyo nilivyokula sungura mzima, au karibu mzima, mbele ya umati wa wanaume, nikiwa bado na kichefuchefu cha lori. Nilikula taratibu kwa sababu nilijua nikisita kutafuna watasema ni paka. Nilipomaliza paja la pili yule kijana alisema inatosha, akachukua wawili. Hawakununua wote kama alivyoahidi. Wapo walioondoka na wasiwasi wao, na mmoja aliendelea kusema paka, paka, mpaka alipotokomea. Lakini hatukurudi na hata mmoja. Wa mwisho walichukuliwa na mama lishe mwenyewe.

Jambo moja alilolielewa mama mkwe siku ile ile ni kuwauza wakiwa hai. Wapo waliokuwa Waislamu, na walitaka kuchinja wenyewe. Wapo waliotaka kuona masikio na miguu kabla ya kisu. Mnyama aliyechunwa nyumbani asingenunuliwa kule hata bure. Akiwa hai, na ni mdogo kiasi kile, mtu alimweka ndani ya koti akaondoka naye.

Tulirudi na vipande vya sabuni, sukari kwenye mfuko wa nailoni, na kitenge kimoja. Mama mkwe alinipa kitenge. Alinirushia tu tukiwa juu ya lori, akasema rangi yake si ya wazee.

Baada ya hapo tulikwenda kila lori lilipokuwa na nafasi. Mama lishe akawa mwenyeji wetu. Tulilala kwenye kibanda chake, tukamsaidia kuchambua mchele, na yeye akawa anatuwekea wateja. Yeye ndiye aliyekuwa akiita pale gengeni, "Bibi wa padri amefika," na jina hilo likamkaa mama mkwe machimbo yote. Alijifanya hakulipenda.

Nyumbani mambo yalibadilika kwa namna ambayo mgeni asingeiona. Tulikuwa tunaongea. Mara nyingi tuliongea habari za sungura: nani apandishwe, nani apumzike, nani ana ukurutu masikioni apakwe mafuta ya taa yaliyochanganywa na mafuta ya kula. Lakini kuongea ni kuongea. Mume wangu aliporudi kutoka kazini alitukuta tumekaa mbele ya mabanda, akasimama kidogo, akaenda kunawa.

Palikuwa na jirani yetu mmoja aliyeanza kuvutiwa na ufugaji alipoona kitenge changu. Aliomba mbegu, jike na dume, na mama mkwe akamwahidi. Siku aliyokuja kuwachukua, mimi nilikuwa upande wa pili wa banda nafagia, hakuniona au alijifanya hakuniona. Aliangalia vitoto vilivyojaa kwenye manyoya akasema, "Kwa kweli katika boma hili wanaozaa ni sungura peke yao."

Nilisimamisha ufagio. Mama mkwe alikuwa anaingiza majani bandani. Alimaliza kuyaingiza, akafunga mlango, akapachika kile kijiti cha kufungia.

"Haya, wangu ni wepi?" jirani aliuliza.

"Wako nimeshawauza."

"Si ulisema nije leo?"

"Nimewauza."

"Na hawa wote?"

"Hawa wana mwenyewe."

Jirani alingoja kidogo akidhani ni utani. Alipoona si utani aliaga akaondoka. Mimi nilitoka nyuma ya banda nikamuuliza mama mkwe ni nani aliyenunua wale wawili, maana asubuhi nilikuwa nimewaona.

"Hakuna," alisema, akanikabidhi jamvi la majani nilikung'ute.

Sikulizungumza hilo na mtu. Usiku mume wangu aliniuliza kwa nini nimevimba macho, nikamwambia ni vumbi la kufagia.

Kosa kubwa tulilofanya lilitoka kwenye mafanikio. Kule machimboni watu walizoea nyama ile, wakaanza kusema laiti wangekuwa wakubwa zaidi. Mama mkwe aliyasikia hayo akayabeba moyoni. Akapata habari kwamba Isaka, kwa mtu mmoja wa reli, kuna sungura weupe wakubwa kama mbwa mdogo. Alimsumbua mwanawe mpaka akaenda. Alirudi na dume moja, jeupe, macho mekundu, zito. Kulibeba ilibidi utumie mikono yote miwili na kifua.

Mama mkwe alifurahi kama mtu aliyeletewa fahali. Alisema watoto watafuata umbo la baba. Tulikubaliana naye sote. Hakuna aliyefikiria kwamba hao watoto kabla ya kuwa wakubwa duniani wangekuwa wakubwa tumboni. Tulimpandisha Mama Mdogo kwanza, kwa kuwa ndiye aliyekuwa bora.

Siku zake zilipofika alijinyonyoa kama kawaida, akatandika vizuri. Asubuhi tulimkuta amelala ubavu na hajazaa. Alikuwa anajikaza, anapumzika, anajikaza. Mama mkwe alikuwa amewahi kuzalisha wanawake, mbuzi na ng'ombe, akajaribu kwa kidole chenye mafuta. Kilichokuwa mle ndani hakikutoka. Alimpakata kwenye kanga, akampa maji kwa kijiko. Kabla ya adhuhuri Mama Mdogo akafa.

Mume wangu alitaka kumchuna, kwa sababu nyama ni nyama. Mama mkwe alimwambia achukue jembe. Walimzika nyuma ya mihogo. Kisha akarudi akakaa kwenye kile kinu, na mimi nikakaa chini pembeni yake.

"Alikuwa anatosha alivyokuwa," alisema.

Majike mengine mawili yalikuwa yameshapandishwa. Moja lilizaa watoto wawili wakubwa, wote wamekufa, lenyewe likapona. Lingine halikushika. Dume jeupe tulilipeleka machimboni, na mama mkwe akasema liuzwe kwa yeyote na hataki kujua nani. Alilichukua mama lishe, lakini hakulichinja. Alilifunga kamba mguuni nje ya kibanda, likawa linalishwa maganda na wateja wakisubiri wali, likanenepa mpaka likawa haliruki. Tulilikuta kila tulipokwenda. Mama mkwe alilipita kama mtu anayempita mdai wake.

Tulirudi kwenye wale wadogo. Ilituchukua karibu mwaka kufikia idadi tuliyokuwa nayo, maana hatukuacha kuuza.

Mwaka uliofuata nilishika mimba. Niliipoteza ya kwanza, ikiwa changa, na mama mkwe ndiye aliyekaa nami. Ya pili ilikaa. Alinikataza kupanda lori, akawa anakwenda peke yake, mzee yule na tenga lake juu ya magunia, anarudi na habari za machimboni: nani amepata, nani ameangukiwa na udongo, nani amerudi kwao bila kuaga. Yule kijana mrefu alikuwa mmoja wa walioondoka. Wengine walisema ametajirika, wengine walisema hapana. Binti yangu alipozaliwa alikuwa mdogo mno, na mkunga wa misheni alituambia tumfunge kifuani muda wote. Tulipokezana, mimi na bibi yake. Alipona. Sasa ana watoto wake.

Magoti ya mama mkwe yalianza kumsumbua binti alipokuwa anajifunza kutembea. Kupanda lori alisukumwa na utingo, na hilo lilimuudhi kuliko maumivu. Safari moja, asubuhi tukiwa tumeshafunga tenga na lori linanguruma barabarani, alikaa kizingitini akavua viatu.

"Nenda wewe," alisema. "Mtoto niachie."

"Peke yangu, mayu?"

"Si unajua njia?"

Nilikwenda. Machimbo yalishapungua, wengi walihamia kulikosikika dhahabu mpya, na niliuza kwa shida. Mama lishe alikuwa bado yupo, kibanda sasa kina bati. Nilikaa siku moja zaidi ya kawaida ili nimalize, nikarudi na wawili ambao hawakupata mtu.

Mama mkwe alikuwa nje amenyoosha miguu juani, binti amelala pembeni yake kwenye jamvi. Sikuwa nimetua mzigo vizuri.

"Waliniulizia?"

"Walikuulizia."

"Nani?"

Nikamwambia mama lishe alimuulizia, na yule mteja wetu Mzanaki anayenoa patasi, na wanawake wanne wanaotwanga mawe jirani na kibanda.

"Yule wa paka, paka?"

Yule mtu, aliyekataa siku ya kwanza, hakuwahi kununua hata mara moja miaka yote ile, lakini alikuwa hakosi kuja kusimama pale tunapouza.

"Naye alikuulizia," nilisema. "Alisema, yuko wapi bibi, au ameliwa na paka wake."

Mama mkwe alicheka, na alikuwa hacheki mara nyingi. Kisha akaniambia nikae, nianze upya tangu lori lilipoondoka, na nisiruke kitu. Nilimtoa binti juani, nikakaa, nikaanza kumsimulia. Alikuwa amenyoosha mkono wake mmoja ndani ya tenga, anawapapasa wale wawili waliorudi.